Ubao Usiokunjika

"Upepo hauagi ukitoka, Phanice! Mimi nimekula upepo maisha yangu yote. Naujua."

"Na hiyo ngumu ataiweka wapi, Mosoti? Kwako? Wewe mwenyewe unalala umekunja miguu kama panzi."

"Ufuo wote huu umejaa ndoano za kuvulia mbuta. Moja tu ichome hapo, pssss, na kijana yuko katikati ya ziwa!"

"Wewe si fundi wa pancha? Utaziba!"

"Nitazibia wapi? Niwafuate samaki na gundi?"

Walikuwa hivyo tangu chai ya asubuhi, majirani zangu hao wawili, na wateja wangu walikuwa wamegeuza viti ili wasipitwe na neno. Mosoti hurekebisha magurudumu chini ya kibanda cha mabati mkono wa kulia wa hoteli yangu. Phanice hukaanga samaki mkono wa kushoto. Mimi niko katikati na chapati zangu, na Mungu aliyepanga hivyo alijua napenda nini. Nyumba yenye kimya hunipa homa.

Kilichowagombanisha kilikuwa kimelala uani kwangu. Mbao mbili, zile ambazo mtu husimama juu yake majini na kupiga kasia moja refu, kama anayefagia ziwa. Mmoja ulikuwa mgumu, mweupe, mrefu kuliko mwanamume yeyote wa Homa Bay, na ngozi yake ilikuwa laini kama yai la bata. Mwingine ulikuwa wa kujazwa upepo. Bado ulikuwa ndani ya mkoba wake, umeviringishwa kama godoro la mgonjwa anayehamishwa wodi, na pampu yake kando.

Joash, mwenye kuchagua, alikaa juu ya mtungi wa maji akiangalia vidole vyake vya miguu.

Mzee Nyamongo alikuwa anafunga nyumba yake ya wageni pale ufuoni. Joash alikuwa amemtunzia ufuo kwa uaminifu, akiwafundisha wageni wa Nairobi kusimama juu ya maji bila kupiga mayowe. Kwa hiyo Nyamongo akamwambia: chagua mmoja, uwe wako, uanze nao maisha. Mwingine utaenda kwa shemeji yangu Kendu Bay. Kijana mwingine angeruka kwa furaha. Joash alizileta zote mbili kwangu kama mtu aliyeletewa kesi.

"Nitachukua hii ya kukunja," alisema hatimaye.

"Sababu?" Mosoti akauliza, ameumia kweli.

"Inaingia kwa mkoba."

Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa. Ile nyingine sisi sote tuliijua, na ndiyo maana hata Phanice, ambaye alikuwa ameshinda, hakushangilia.

Mimi si mtu wa ziwa. Nimezaliwa Migori, upande wa Wakuria, na watu wa hapa bado huniita Nyar Migori, binti wa Migori, ingawa nimewalisha mpaka watoto wao wamezaa. Kwetu ng'ombe ndio tunaowasemesha. Lakini ukikaa na watu utajifunza wanachokiogopa. Katika ufuo wetu, chombo kipya hakiguswi na maji kabla watu wa nyumbani mwa mwenyewe hawajala pamoja mbele yake. Na anayepika ni mama. Si mke, si dada. Mama. Akikataa kupika, chombo kitakaa juu ya mchanga mpaka kioze, na hakuna mwanamume atakayekisukuma.

Mama yake Joash ni Monicah. Sisi tulimwita Mama Cliff, kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

Cliff alikuwa kijana wa kicheko. Ulisikia kicheko chake kabla hujaona mashua. Siku mashua yake mpya ilipoteremshwa, mama yake alipika mpaka moshi ukaonekana kutoka barabarani. Nilikuwepo. Tulikula, tukacheza, Mosoti Msabato mzima akakatika kiuno na kusingizia siafu. Mvua ndefu za mwaka huo hazikuwa zimeisha Cliff alipopotelea ziwani, upande wa kisiwa cha Mfangano. Walimleta wamembeba mabegani kwa ile njia inayopita mbele ya hoteli yangu, na nyuma yao mama yake akitembea bila viatu, macho makavu.

Tangu siku hiyo Mama Cliff hakupikia mgeni. Boma lake, lililokuwa kama kituo cha basi, likanyamaza. Simba ya Cliff, ile nyumba ndogo ambayo kijana wa Kijaluo hujengewa karibu na lango akishakuwa mtu mzima, aliifunga kwa kufuli. Akawa anakuja kwangu kuniuzia mboga, anapita mlango wa nyuma, anaweka fungu mezani, anaondoka kabla sijamaliza kusema kikombe cha chai. Watu hawakujua tena wamwiteje. Ukisema Mama Cliff unamchoma, ukisema Mama Joash unamfuta mwingine. Wengi wakaishia "mama", wakiangalia pembeni.

Sasa unaelewa mkoba. Ubao mgumu una mgongo, una pezi chini, una uso. Ukiuona tu unajua ni chombo, na chombo kinahitaji mama wa kupika. Lakini kitu kinachokunjwa, kinachotembea begani kama nguo za dobi? Hicho unaweza kusema ni mpira. Unatoka nacho nyumbani asubuhi, unakijaza ufuoni, unakitoa upepo jioni, na mama hajui, au anajifanya hajui.

Watu husema nilipanga mwenyewe ugomvi ule uwe siku ya mboga. Waache waseme. Ninachojua ni kwamba Mosoti alikuwa ameinua mkono akianza hoja mpya, na mkono ukabaki hewani.

Mama Cliff alikuwa amesimama mlangoni mwa uani, fungu la mboga za osuga kichwani.

"Hizi ni nini?"

Joash alisimama. "Ni za mzee Nyamongo, mama. Amenipa moja. Nachukua hii ya kukunja. Hii si chombo. Ni kama tyubu ya lori, ile watoto wanaogelea nayo."

"Kama ni tyubu, mbona unaniambia kama mtu aliyeshikwa na chifu?"

Aliteremsha mboga, akaziweka juu ya meza yangu polepole, akakunja mikono ya blauzi.

"Ijazeni."

Mosoti alishika pampu, kwa kuwa upepo ni kazi yake. Mama Cliff akaichukua mkononi mwake, bila ukali, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akasukuma mwenyewe. Ubao ulianza kufunguka ardhini, ukajinyoosha, ukajigeuza ubavu kama mtu anayeamka asiyetaka kuamka. Alisukuma mpaka jasho likamtiririka shingoni na pampu ikakataa. Phanice alinishika mkono. Vidole vyake vilinuka samaki na vilikuwa baridi.

Mama Cliff aliugonga ubao kwa kidole, ko ko ko, kama mlango wa watu. Ulikuwa umekaza kweli. Akaenda akaugonga na ule mgumu.

"Panda," alimwambia mwanawe.

"Hapa? Kwa vumbi?"

"Panda nikuone."

Basi Joash akasimama juu ya ubao katikati ya uani kwangu, kasia mkononi, kuku wakimzunguka. Kwa siku nyingine tungemcheka mpaka tukae chini. Alipanda mmoja, akashuka, akapanda wa pili. Mama yake alimtazama kuanzia miguuni, na macho yalipofika kifuani nikayaona yakisita. Kijana alikuwa amefika kimo cha kaka yake, na nadhani hakuwa amemwangalia vizuri siku nyingi.

"Kinachombeba mtu juu ya maji ni chombo," akasema. "Hata kama ni jani la mgomba. Nani alikudanganya si chombo?"

Joash aliangalia tena vidole vyake vya miguu.

"Uliogopa nitakataa?"

"Hapana."

"Uliogopa nini?"

"Niliogopa utapika, mama."

Chapati iliungua kwenye kikaango na mimi, Robi wa chapati, nikaiacha iungue.

"Ya Cliff nilipika," Mama Cliff akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza bei ya nyanya. "Watu wakala, wakashiba. Na ziwa nalo likala." Akafuta jasho kwa pindo la leso. "Sasa na wewe unataka kuwa unatoka kwangu umejificha ndani ya mkoba. Siku moja wakuje kuniambia umepotea, niwaulize umepotea wapi, na mimi sijui hata kama ulikuwa majini?"

"Mama..."

"Una jaketi ya kuelea?"

"Ninayo. Sitoki bila hiyo. Nawafundisha wageni kwanza jaketi, halafu kasia."

"Toa huo upepo."

Joash alifungua kifuniko. Upepo ulitoka kwa mlio mrefu, na sote tuliusikiliza mpaka mwisho, kama watu wanaosindikiza. Mosoti hakusema "si niliwaambia". Kwa Mosoti hilo ni tendo la imani.

"Huu ni mzuri," Mama Cliff akasema. "Ni mwepesi, na mwanamke anaweza kuujaza. Lakini unafichika. Mpelekee mzee Nyamongo, umwambie asante. Wewe chukua kisichokunjika."

Hapo Phanice, ambaye mdomo wake haujawahi kumsikiliza, akanong'ona, "Lakini ataiweka wapi?" Kisha akaufunika mdomo kwa kiganja. Sote tulijua kulikuwa na nyumba moja tu yenye nafasi ya kulaza kitu kirefu vile.

Mama Cliff alifungua fundo kwenye ncha ya leso yake. Ufunguo uliotoka ulikuwa umeng'aa kwa kushikwashikwa.

"Kwa Cliff," alisema. Akauweka mkononi mwa Joash na kuondoka. Ya kupika hakuyasema, na hakuna aliyethubutu kumfuata kumwuliza. Ufunguo ulikuwa umetolewa, lakini bila chakula ubao ule ungekuwa tu pambo ndani ya nyumba iliyofungwa.

Tuliupeleka Jumapili mchana. Joash na Mosoti waliubeba mabegani, Joash mbele. Mosoti, akihofia jua lisije likauharibu, alikuwa ameufunika kwa shuka jeupe la mkewe. Mimi na Phanice tulifuata nyuma. Hakuna kati yetu aliyefikiri. Nakuapia, hakuna.

Kitu kirefu, kimefunikwa shuka jeupe, mabegani mwa wanaume, wanawake nyuma, kuelekea boma la Mama Cliff.

Mwenye bodaboda wa kwanza alizima pikipiki na kuvua kofia. Wanaume waliokuwa wanacheza bao walisimama. Kisha mama mmoja aliyekuwa anarudi Rangwe na kikapu chake, mtu ambaye hatujawahi kumwona, alitua kikapu, akaweka mikono kichwani, na kupiga ule mlio ambao kwa Wajaluo humfikia kila mtu mwenye masikio.

"Si maiti!" Phanice alipiga kelele. "Ni bodi! Jamani, ni bodi ya kuchezea majini!"

Nani angemsikia? Yule mama alikuwa ameshaingia nyuma yetu analia, na kilio kikaita vingine. Nilijaribu kumshika. Aliniegemea, akazidi. Mbele, mgongo wa Joash ulikuwa unatetemeka, na sikuweza kujua analia au anacheka. Alinieleza baadaye kwamba hata yeye hakujua. Siku hizi, wikendi, nikimwona amemsimamisha mgeni juu ya ule ubao, anampigia kelele "magoti, legeza magoti!", bado ninauona ule mgongo.

Tulifika langoni na msafara ambao hatukuualika. Mama Cliff alikuwa amesimama mbele ya simba ya Cliff. Alitazama shuka, akatuangalia sisi, akawaangalia walio nyuma yetu. Nikasema moyoni, tumemuua huyu mama.

Alisogea, akalivuta shuka mwenyewe, likaanguka. Ubao ukamulika jua lote usoni mwetu. Kilio kilikatika kama bomba lililofungwa.

"Ingizeni," akasema.

Kufuli lilikuwa na kutu, na Mosoti alikuwa na mafuta mfukoni kama kawaida yake. Ndani kulikuwa na kitanda, shati la bluu kwenye msumari, buibui wengi. Ubao uliingia kutoka kona hadi kona. Ncha yake ililala chini ya shati na Joash hakuliondoa shati.

Tulipotoka, watu walikuwa wameanza kujirudisha barabarani kwa aibu. Mimi nami nilishika njia, maana pale hakuna aliyekuwa ameniambia nikae. Ndipo upepo wa ziwa ulipogeuka, nikaisikia harufu. Jogoo. Jogoo aliyechemka muda mrefu na kutiwa kitunguu, na ugali wa mtama ukianza kushika chini ya sufuria.

Mama Cliff alikuwa amerudi jikoni na kutoka, unga ukiwa umemfika viwikoni.

"Nyar Migori, unaenda wapi? Wewe wa kuondoka kwa watu bila kujua wamepika nini?" Kisha akaangalia langoni. Yule mama wa Rangwe alikuwa ameinama akiokota kikapu chake, uso bado umelowa, anatafuta pa kuuficha.

Mama Cliff alimwendea. Akakichukua kikapu, akakining'iniza mkononi mwake mwenyewe.

"Umenililia mtoto ambaye hata jina lake hulijui," alimwambia. "Ingia ule."