Honi Inalia Bila Sababu

Kwa wiki sita mume wangu alikuwa akiniambia kwamba ndege ina wazimu, na mimi kwa wiki sita nikimjibu kwamba mwenye wazimu ni yeye. Ulikuwa utani wetu. Ndoa ya miaka thelathini isiyo na utani huchacha, na sisi hatukuwa tumebakiwa na nguvu ya kitu kingine.

Mimi ni fundi wa ndege. Baba Watoto ni rubani. Tumeajiriwa na kampuni yenye ndege moja, hanga moja la mabati, na bosi mmoja mwenye kelele za watu watatu. Zamani marubani walikuwa wawili. Yule mwenzake alipata kazi kwenye ndege kubwa, akaondoka bila hata kuaga, na tangu hapo Baba Watoto anaruka siku sita kwa wiki. Ya saba analala na viatu. Nyumbani amekuwa mtu wa kusema "nimeshafanya" kabla hujamaliza kumwagiza. Mwezi uliopita aliniambia amefunga bomba la tangi, na niliporudi kutoka sokoni nikakuta maji yamefika sebuleni. Nilifoka mpaka majirani wakazima redio wasikilize. "Nilifunga," akasema, akiniangalia kama mtu anayeonewa. Nikamwita mvivu, nikachukua tambara nikadeki.

Sasa ndege yenyewe. Ina injini moja na viti sita, na magurudumu yake hukunjwa yakaingia tumboni ikisharuka. Mbele ya rubani kuna kishikio kidogo: akikipandisha magurudumu yanapanda, akikishusha yanashuka. Yakishajifunga sawasawa huko chini, zinawaka taa tatu za kijani, moja kwa kila gurudumu. Na rubani akipunguza mafuta ili atue, huku magurudumu bado yako tumboni, honi inalia. Ina sauti mbaya kama ya mbuzi aliyekwama kwenye uzio, na imetengenezwa makusudi iwe mbaya, ili hata aliyesinzia ashtuke.

Kasoro aliyoandika Baba Watoto kwenye kitabu cha ndege ilikuwa hii: *Magurudumu chini, honi inalia bila sababu. Nikitikisa kishikio inanyamaza.*

Nilianza na swichi ya kwenye kishikio, maana kitu kikitikiswa kikapona, ugonjwa mara nyingi uko pale pale. Nikaibadilisha. Siku tatu baadaye akaandika tena. Nikafuata waya, kuanzia nyuma ya dashibodi, chini ya sakafu, hadi tumboni, tochi ikiwa mdomoni. Waya mzima. Akaandika tena. Nikasafisha swichi za miguu yote mitatu ya magurudumu, nikabadilisha ile ya kushoto ambayo sikuipenda sura yake. Akaandika tena. Kila mara ilibidi niiinue ndege kwenye jeki, nipande ndani, nipandishe na kushusha magurudumu mara kumi, mara ishirini, kisha nishuke nikiwa na mgongo wa bibi kizee. Kwangu honi ilikuwa na adabu zake. Ilinyamaza pa kunyamaza, ikalia pa kulia. Ikirudi kwa yule mwanaume, inapandwa na mashetani.

"Inakuogopa wewe," alisema Baba Watoto. "Kama watoto tu. Mama akiwepo, kila mtu ameshika daftari."

Hapa niseme jambo nisilojivunia. Kuna swichi nyingine kwenye mkono wa mafuta, ule ambao rubani huusukuma kuongeza na kuuvuta kupunguza, na ndiyo inayoamua ukipunguza mafuta kiasi gani ndipo honi ianze. Kitabu cha mtengenezaji kinaeleza inapaswa kukaa wapi. Wiki iliyopita nililegeza nati yake nikaisogeza kidogo, ili honi ichelewe. Nilijiambia labda inaanza mapema mno, ndiyo maana inamsumbua. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kusikiliza malalamiko. Nikakaza nati, nikafunga kifuniko, na sikuandika popote.

Siku mbili baadaye muuguzi anayesafiri na mume wangu kupeleka chanjo alipita hangani kuangalia masanduku yake ya barafu. Ni mwanamke mcheshi, haogopi kitu.

"Mama, ile honi yenu imehama," aliniambia. "Zamani ilikuwa inalia tukiwa juu huko. Safari hii imelia naona majani ya chini, jani moja moja. Mzee akaitikisa, tukatua."

Nilicheka naye mpaka akaondoka.

Nilikaa juu ya sanduku la spana nikashika tama. Honi mbovu hulia hovyo. Ingelia angani, ingelia kwenye mashimo ya barabara ya kurukia, ingelia mvua ikinyesha. Hii ilikuwa inasubiri mpaka mafuta yapunguzwe kwa ajili ya kutua, kila mara, bila kukosea. Kitu cha uongo hakifuati ratiba namna hiyo. Nikaenda kuchukua jeki tena, na mgongo ukanitukana.

Nilikuwa namalizia jeki ya tatu bosi alipopiga simu. Nikaweka sauti kubwa maana mikono ilikuwa na grisi.

"Kesho saa mbili asubuhi," akasema, "muuguzi na madaktari wawili. Nimeshathibitisha."

"Bosi, kasoro sijaipata."

"Kasoro ya honi? Chomoa fyuzi yake basi! Ndege inarushwa na honi?"

Baba Watoto alikuwa amekaa pembeni juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunywa chai. "Chomoa tu, mke wangu," akasema kwa upole. "Taa nazijua. Mimi na wewe tukapumzike."

Kupumzika. Neno lenyewe lilitaka kuniliza. Nilimtazama, macho mekundu, kifungo cha shati kimeruka tundu, na ndipo liliponiingia wazo ambalo fundi mwenye usingizi wa kutosha angelipata siku ya kwanza. Nilikuwa nimepima swichi, waya, pampu, taa na honi yenyewe. Kitu kimoja tu sikukipima wiki zote sita, nacho kilikuwa juu ya ndoo kikinywa chai.

"Baba Watoto, panda ndani."

"Mimi? Fundi nani hapa?"

"Panda. Nataka utue."

"Kwenye jeki?"

"Kwenye jeki. Fanya kila kitu kama ulivyozoea, na maneno yote kwa sauti. Mimi nitakuwa nje nasikiliza."

Alipanda huku akilalamika kuhusu magoti. Nikamwambia asukume mkono wa mafuta mbele kama yuko angani, kisha apandishe magurudumu. Pampu ikanguruma, miguu ikakunjika, milango ya tumboni ikajifunga. Nilichuchumaa kwenye ncha ya bawa, mbali na ile milango, maana chuma hakimjui mwenyewe. Kutoka pale tumbo lote la ndege lilikuwa wazi mbele yangu. Yeye, kutoka kwenye kiti chake, hawezi kuliona.

"Haya, tua," nikasema.

Nikamsikia anavyosoma, kwa ile sauti yake ya kazini niliyoipenda tangu tukiwa vijana. "Mafuta, tangi la kushoto. Mikanda. Magurudumu chini, kijani tatu. Napunguza."

Nilisubiri ngurumo ya pampu. Haikuja. Milango ilibaki imefungwa vile vile, na honi ikaanza kulia.

"Hiyo!" Baba Watoto alipiga kelele kwa furaha. "Hiyo hapo! Umeisikia, Mama Watoto? Leo imeumbuka! Sasa ona, nakitikisa."

Pampu ikanguruma. Milango ikafunguka, magurudumu yote matatu yakashuka mbele ya macho yangu, yakajifunga, na honi ikanyamaza.

"Umeona?" Alitoa kichwa dirishani. Miezi mingi sikuwa nimemwona amefurahi hivyo. "Nilikwambia! Nikitikisa, inanyamaza."

Nilikuwa nimeona. Nikakumbuka bomba la tangi, na nikakumbuka nilivyomwita mvivu. Nikakumbuka nati niliyoisogeza, na muuguzi akihesabu majani. Niliogopa, naapa, kuliko nilivyowahi kuogopa nikiwa ndani ya ndege yoyote.

Sitasema uongo kwamba sikufikiria kunyamaza. Mtu huyu ameruka tangu ana miaka ishirini na mbili, hajui kufanya kingine, hata msumari nyumbani napiga mimi. Ningeweza kuandika kwamba nimebadilisha swichi nyingine. Ningeweza kumbembeleza aombe likizo. Lakini kesho saa mbili watu watatu wangekaa nyuma yake, na wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa kifo kingeumbua watu wanne.

"Rudia," nikamwambia. "Safari hii ukimaliza kusema yote, weka mikono mapajani. Honi ikilia iache ilie, usiguse chochote. Halafu shuka uje huku."

"Masharti mengi kama ya mganga."

"Rudia, tafadhali."

Akarudia. Mafuta mbele, magurudumu juu, kisha maneno yale yale kwa utaratibu ule ule. "Magurudumu chini, kijani tatu. Napunguza." Honi ikalia. Akashuka ngazi taratibu, akiongea juu ya mlio. "Sasa unataka nione nini, inalia bila..."

Akaona.

Aliinama, mikono magotini, akatazama tumbo la ndege. Akasogea, akaweka kiganja juu ya mlango uliofungwa, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Honi iliendelea kulia na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kuizima.

"Nimekishusha," akasema. "Mama Watoto, mimi nimekishusha. Nimekisikia mkononi."

"Umekishusha kwa mdomo, mume wangu. Mkono haukwenda."

Akauliza, kwa sauti ndogo, "Kama lile bomba?"

"Kama lile bomba."

Nikapanda nikazima umeme. Hanga likawa kimya mpaka mabati yakasikika yanavyolia kwa jua. Niliposhuka nilimkuta amesimama kwenye meza ya kazi, kitabu cha ndege kiko wazi mbele yake.

"Mara ngapi?" akauliza.

Hakuhitaji nimjibu. Mume wangu ana mwandiko mzuri, wa kushona, na alikuwa anaandika kila kitu, hilo hakuwahi kulisahau. Alipitisha kidole ukurasa kwa ukurasa, midomo ikihesabu. Honi inalia bila sababu. Honi inalia bila sababu. Mara kumi na moja. Kila moja ina tarehe, mahali alipotua, idadi ya abiria na sahihi yake. Na chini ya kila moja, kwa mwandiko wangu wa kuku: *kasoro imeondolewa*, na sahihi yangu.

Hapo ndipo nilipomwambia habari ya nati. Nilimwambia yote, nilivyoisogeza na sababu yake. Nilitaka anifokee, ili nami nipate kulia vizuri.

"Tumechoka sana," ndilo alilosema. Hakulisema kama kisingizio. Alilisema kama anavyosoma vipimo vya dashibodi.

Sijui kama ni uchovu tu au ni kitu kingine, na hilo daktari atatuambia. Siku ile alichukua simu yangu mezani akampigia bosi mwenyewe.

"Kesho siruki," akasema. "Hapana, honi ni nzima. Imekuwa nzima siku zote. Mbovu ni mimi." Bosi alianza kupayuka. Baba Watoto akailaza simu juu ya kitambaa cha grisi, akaiacha iongee peke yake mpaka ikachoka.

Ilibaki nati. Kazi ile haifanyiki na mtu mmoja: mmoja anavuta mkono wa mafuta polepole, mwingine amelala chini ya dashibodi na spana. Sikumwomba. Alipanda mwenyewe, akakaa kwenye kiti chake, nami nikajikunja miguuni pake na kitabu cha mtengenezaji kifuani.

"Vuta. Simama. Rudisha kidogo. Vuta tena."

Tulifanya hivyo labda nusu saa. Magurudumu yalikuwa bado tumboni. Hatimaye honi ikalia mahali kitabu kinapotaka, mapema, pale rubani anapokuwa bado yuko juu na ana muda wa kujirekebisha. Nikakaza nati na kuipaka alama ya rangi nyekundu. Safari hii niliandika.

"Haya," nikasema nikiinuka, "shusha magurudumu tuitoe kwenye jeki."

Mikono yake ilikuwa mapajani. Haikuondoka.

"Shusha wewe," akasema. "Nataka nione."

Nikapitisha mkono mbele yake nikakishusha kishikio. Pampu ikanguruma chini yetu, kukasikika migongano mitatu ya kujifunga, na honi ikanyamaza. Taa zikawaka. Baba Watoto akasogeza uso karibu, akazigusa kwa kidole moja baada ya nyingine, ya mbele, ya kushoto, ya kulia, akingoja kidogo juu ya kila moja.

"Hizi ndizo," akasema.