Kumbukumbu ya Kuongeza

Ndani ya kompyuta kulikuwa na mjusi aliyekauka. Alijilaza juu ya nyaya kama mtu aliyepitiwa na usingizi akisubiri zamu yake, na vumbi jekundu la mtaa wetu wa Katubuka, laini kama unga, lilimfunika hadi shingoni. Mwalimu Gélase alimnyanyua kwa ncha ya bisibisi, akamtazama, akaniuliza, "Na huyu naye tumtangaze?"

Nilicheka, kisha nikajizuia. Nyuma yetu, kwenye benchi, Caritas alikuwa amekaa ameshika magoti yake.

Ulikuwa mwaka 2015, miezi ile Warundi walipovuka mpaka wakajazana Kagunga, kijiji chembamba kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Mimi nilikuwa mgeni Kigoma, nimeletwa kutoka Moshi kufanya kazi katika redio ndogo ya kanisa. Wenzetu walikwenda Kagunga na kinasa sauti, wakarekodi watu waliopotezana na ndugu zao. Sauti zikitufikia tulizimimina kwenye kompyuta, tukafuta kinasa ili kirudi kazini, na jioni tukazirusha hewani.

Kompyuta ilikuwa hiyo moja, nayo ilizeeka kabla sijafika. Ukiipa mzigo mkubwa inaganda. Ukiiambia inakili sauti kwenda kwingine, inaganda vilevile. Wiki ile iligoma kabisa. Sauti zilikuwa humo ndani, na hazikutoka.

Caritas alikuwa mkulima kutoka Makamba, kusini mwa Burundi. Katika msukumano wa kupanda meli pale Kagunga, mkono wa binti yake ulimponyoka. Mtoto aliitwa Ella. Mwenzetu mmoja alikumbuka kumrekodi msichana wa jina hilo, basi Caritas akawa anakuja kwetu kila asubuhi kutoka uwanja wa mpira, walikohifadhiwa wakimbizi wakisubiri mabasi ya kwenda kambini Nyarugusu. Siku hiyo alituambia basi lake ni kesho.

Mzee Oswald, mkuu wetu, hakutaka kompyuta iguswe.

"Mpya imeshaagizwa Dar, itakuja na treni," alisema. "Hii ni mzee, Aikande. Mzee huachwa apumue, hapasuliwi."

"Shida ni kumbukumbu tu, Mzee. Tungeiongeza…"

"Na ikifa?"

Alichukua kofia yake akaenda kikaoni, nami nikamwita Gélase. Alikuwa mwalimu wa fizikia kwao Burundi. Alikimbia vita ya zamani, akabaki hapa mjini, mtaa wa Buzebazeba, akitengeneza redio za watu. Alikuja na kijiti bapa cha kijani alichokitoa kwenye kompyuta ya jirani iliyopigwa na radi. Kama kijiti chenyewe kilipona radi au la, hakujua.

Sitasema kwamba ilikuwa huruma tupu. Kwa muda mrefu nilitamani kujua kumbukumbu ya mashine ina sura gani, na sasa ilikuwa mbele yangu, nyembamba, urefu wa kiganja.

"Sauti zote zimo humo?" niliuliza.

"Hapana. Sauti zinalala kwenye hili sanduku la chuma. Hapa ni pa kuzitandaza zinapoamshwa. Mkeka ni mdogo, wageni ni wengi."

Caritas alisimama akasogea. Alitazama ndani ya kasha kama mtu anayechungulia kisima.

"Mkiigusa, haitasahau?"

"Haipaswi kusahau," alisema Gélase.

"Haipaswi, au haisahau?"

Gélase aliweka bisibisi chini. "Mama Ella, sijui. Ya umri huu ukishaivuruga, pengine haiwaki tena. Tunaweza kuifunga, tusubiri ile mpya."

Wote wawili walinigeukia mimi. Nje, gari la matangazo lilikuwa likipita likiwataka watu wanawe mikono, kipindupindu kisienee. Niliwaza treni, ambayo hakuna aliyejua itafika lini, na basi, ambalo kila mtu alijua.

"Weka," nikasema.

Alikichomeka. Nikabonyeza. Kompyuta ililia mfululizo, mlio mrefu wa kuchoma masikio, na kioo kikabaki cheusi. Caritas alisema, "Mana yanje," Mungu wangu, akarudi kwenye benchi. Gélase alikichomoa kijiti, akaniomba penseli, akasugua meno ya shaba ya kijiti kwa kile kifutio cha nyuma, taratibu, akipuliza. Akakirudisha. Mlio ukawa mmoja, mfupi. Kioo kikapambazuka.

Sauti zilifunguka kama mlango uliotiwa mafuta. Tulimpata Ella. Nilimvalisha Caritas vipokea sauti masikioni, nikamtazama usoni.

Alisikiliza hadi mwisho. Akaomba tena. Mara ya pili alifumba macho.

"Si uwanje," alisema. Si wangu.

Gélase alishika kalamu akaiacha.

Ella wake alipatikana mwezi wa nane, kambini, kwa familia iliyomwokota gatini. Sauti yake haikuwahi kupita kwetu. Kompyuta mpya ilikuja baadaye, nyeusi, ya kimya, na Mzee Oswald akaifunika kitambaa kama bibi harusi. Hayo niliyajua baadaye. Mchana ule nilijua tu kwamba nilikuwa nimemfungulia mwanamke mlango wa chumba kisicho na mtu wake.

Caritas aliuliza kama mtoto huyu atatangazwa.

"Jioni hii," nikasema.

"Anataja kilima chao; kwetu kilima ndicho kijiji. Nakifahamu. Nyinyi mtakitamka vibaya, mama yake hatasikia."

Nilimsogezea kipaza sauti. Alikaa wima, akajifunga upya kitenge, akasema kwa Kirundi, polepole, bila kulia. Alitaja kilima, mto ulio chini yake, na soko la karibu. Kisha akaongeza maneno machache kwa sauti ya chini, kama anayemnong'oneza jirani juu ya ua.

"Mwishoni amesema nini?" nilimuuliza Gélase.

Alikuwa akikaza skrubu, hakuinua kichwa.

"Amemwambia yule mama afanye haraka. Mtoto ana mafua."