Pafu la Fundi Cherehani

Msidanganyike na makoti meupe. Huyu mama, anayefungua vifua vya watu bila mkono kumtetemeka, kila Jumapili alisimama mlangoni kwa baba yake roho ikimdunda, akisubiri kuona kama leo atatambuliwa.

"Karibu, dada," mzee akasema. "Umekuja kusoma mita ya maji?"

Mita ya maji! Wiki iliyopita alidhaniwa meneja wa benki. Cheo kilikuwa kinashuka.

"Nimekuja kukusalimia tu. Shikamoo."

"Marahaba, mama. Keti, keti."

Mzee alikuwa daktari wa mapafu miaka nenda miaka rudi, na ndiye aliyemfundisha bintiye upasuaji, akimgombeza mbele ya wauguzi kana kwamba hakumzaa yeye. Sasa usahaulifu ulikuwa umemla. Alianza kuwasahau majirani, na mwaka huu ikawa zamu ya binti. Binti alitamani kusikia "mwanangu" mara moja tu, hata kama lingekuja na matusi.

Siku hiyo alibeba picha za kifua za fundi cherehani mmoja, mwenye uvimbe sehemu ya juu ya pafu la kushoto. Kesho yake angeikata sehemu hiyo. Kazi nyepesi, alijiambia. Picha zilikuwa kisingizio cha kumwona baba akishika kitu anachokipenda.

Mzee akaziinua dirishani, akaguna. Macho yakamchangamka.

"Nani anampasua huyu?"

"Daktari mmoja hivi."

"Ameangalia uvimbe tu, mjinga huyo. Wote hukimbilia uvimbe." Kidole chake kikatambaa juu ya picha. "Upande huu, watu wengi wana mishipa miwili ya kurudisha damu moyoni, wa juu na wa chini, kila mmoja na njia yake. Ya huyu imeungana kabla ya kufika. Akiukata huu mnene akidhani ni wa juu peke yake, damu ya chini itapita wapi? Pafu zima litamfia kifuani."

Binti akainama, akatazama. Masalale! Picha ile ameipitia tena na tena, na hakuona kitu.

"Sasa afanye nini, mzee?"

"Aufuate mpaka kwenye matawi, afunge tawi la juu pekee. Lakini asifanye yeye." Mzee akamrudishia picha. "Mpelekeni kwa binti yangu. Mkaidi yule, kichwa kigumu, ila ukimfundisha kitu hakimtoki. Nimemgombeza sana mbele za watu. Sijawahi kumwambia kwamba ametupita sote. Kwake unakujua?"

"Nakujua."

"Basi mwambie aje. Kitambo hajaja. Nimemkumbuka mno."

Alitaka kupiga kelele, baba, ni mimi, ni mimi hapa! Aliwahi kufanya hivyo, na mzee akaogopa mpaka akalia. Binti akamshika mzee mkono.

"Nitamwambia."

"Leo hii?"

"Leo hii, mzee."

Akataka kuendelea kukaa, angalau kidogo. Lakini mzee akauchomoa mkono wake taratibu, akamwinua kitini, akamsukuma kwa upole kuelekea mlangoni.

"Nenda sasa, dada, usikae. Usije ukamkosa."