Mwendo wa Kuitikia Salamu

Mwalimu Tekla alijiandikisha kwa hasira, na hakuwahi kulificha hilo. Ilikuwa ofisini kwa walimu, mapumziko ya saa nne, chai iko mezani na karatasi ya majina inazunguka: nusu marathoni, kilomita ishirini na moja, kutoka uwanjani Ifakara mjini hadi ng'ambo ya daraja la Kilombero na kurudi. Karatasi ilipomkaribia, mwalimu William wa hisabati, kijana wa miaka ishirini na saba mwenye kifua cha kujivunia, aliichukua taratibu akampitishia mwenzake wa upande wa pili. "Hizi ni za vijana, Mwalimu," alisema. Hakuwa na nia mbaya, na ndiyo maana iliuma zaidi.

"Lete hapa," alisema Tekla. Akaandika majina yake yote matatu na umri wake, hamsini na tatu, kwa mwandiko ule ule mkubwa anaouandika ubaoni darasa la tatu.

Baadaye ndipo aliposoma masharti. Mbio zingeanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na saa tatu kamili mstari wa mwisho ungefungwa. Atakayekuwa bado njiani angeokotwa na pikapu inayofuata nyuma, aingizwe mjini amekaa juu ya katoni za maji, watu wakimtazama. Na barabara yenyewe, kilomita moja tu kutoka uwanjani, ilipita mbele ya nyumba ya Mama Febronia, mama mkwe wake.

Aliyejitolea kumfundisha ni Jenifer, muuguzi wa miaka thelathini na minne, ambaye zamani alikaa dawati la mbele darasani kwake. Jenifer alikuwa amekwisha kukimbia nusu marathoni tatu, na mkononi alivaa saa inayopima kila kilomita. Kazi ilikuwa ngumu kwa sababu ya heshima. Kila alipotaka kukosoa alianza na "samahani, Mwalimu", na Mwalimu kila alipokosolewa alitaka kwanza kumnyooshea sentensi.

Tatizo lilijitokeza asubuhi ya kwanza. Wengine huchelewa mazoezini kwa sababu ya matope au magoti, lakini Tekla alicheleweshwa na Ifakara. Miaka ishirini na tisa ya darasa la tatu maana yake nusu ya mji imepita mikononi mwake, na nusu hiyo yote iko barabarani saa kumi na mbili asubuhi: wauza samaki na matenga yao kwenye baiskeli, akina mama wanaokwenda mashambani, vijana wa bajaji. "Shikamoo, Mwalimu!" Na Mwalimu anasimama. Kwake salamu haikuwa neno moja la kutupwa. "Marahaba, Fridolin. Mama hajambo? Ule mguu wake? Na mtoto ameshajua kusoma?" Akiridhika na majibu, anachomoka kama anafukuzwa na nyuki ili kufidia, mpaka salamu inayofuata.

Jenifer alitazama saa yake. Kilomita ya kwanza dakika tano na nusu, ya pili dakika kumi na tatu.

"Samahani, Mwalimu," alisema. "Huku si kukimbia. Huku ni kutembelea wagonjwa kwa haraka."

Akamweleza kwamba mbio ndefu ni mwendo mmoja, dakika saba kwa kila kilomita, tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Anayetoka kwa pupa huona cha moto mbele ya safari. Basi Tekla, ambaye hajui kufanya jambo nusunusu, akahamia upande wa pili kabisa. Alivaa spika za masikioni, akakaza macho kwenye lami, akawa anapita. Wiki nzima hakumwitikia mtu. Dakika zake zikanyooka: saba, saba, saba na sekunde tano. Jenifer alifurahi. Mji haukufurahi hata kidogo.

Siku ya nane aliitwa na mama mkwe.

Mama Febronia alikuwa na miaka themanini na moja, na kiti cha plastiki barazani ambacho hakuna mwingine aliyethubutu kukikalia. Alimwona kila aliyepita barabarani, na kila aliyepita alihakikisha ameonekana. Tekla alipiga magoti kwenye saruji, kama afanyavyo mkwe yeyote wa ukoo ule, akatoa shikamoo yake.

"Marahaba." Bibi aliegemeza fimbo yake ukutani. "Nimesikia kuna mtu anawapita watu kama anapita miti."

"Ni mazoezi, mama. Nikisimama kwa kila mtu..."

"Sijakukataza kukimbia. Wameshakuja hapa kuniambia, mkwe wako anavaa suruali anakimbia barabarani. Nikawajibu, mwacheni, miguu ni yake. Lakini wakiniambia haitikii salamu, mimi nawajibu nini? Wewe ndiye uliyewafundisha hawa watoto wote kusalimia. Sasa wausalimie ukuta?"

Tekla, mwenye jibu la kila kitu, alibaki anahesabu nyufa za saruji. Uso ulimwaka moto mithili ya mtoto aliyekutwa ananakili kazi ya mwenzake.

"Siku yenu hiyo nitakaa hapa hapa," Mama Febronia aliendelea. "Utapita ukienda, utapita ukirudi. Nataka nikuone umerudi kwa miguu yako, si juu ya gari. Na nataka nisikie watu wanakusemaje. Haya, nenda kapike."

Kuanzia siku hiyo mbio zile hazikuwa tena za kumwonyesha William. Tekla alitaka kufika kabla ya saa tatu, na afike bila kumpita hata mtu mmoja kimya, na Mama Febronia asiwe na sababu ya kumwonea haya. Alimweleza Jenifer kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe.

Jenifer akacheka mpaka akainama. "Mwalimu, kumbe dawa tunayo! Anayekimbia mbali anatakiwa aende mwendo ambao bado anaweza kuzungumza. Wewe usisimame, itikia huku unakwenda. Ukimaliza 'marahaba, hujambo, nyumbani hawajambo' kwa pumzi moja, uko sawasawa. Ukiishia 'mara', umezidisha, punguza. Ukifika mpaka kwenye mguu wa mama yake Fridolin, basi unatembea. Ongeza."

Miezi mitatu ilipita hivyo. Mvua za masika zilinyesha zikakoma, mpunga ukaiva ukavunwa, na Tekla alikimbia akiitikia. Mji nao ulijifunza. Vijana wa bajaji walianza kusalimia kutoka mbali ili ajipange. Muuza samaki mmoja aliendesha baiskeli ubavuni kwake kilomita mbili nzima akimpa habari za ukoo wake wote, na Tekla akazipokea zote bila kupunguza mwendo. Justin, mume wake, mtu wa maneno machache, kila jioni alikwangua matope kwenye viatu vyake akaviegesha karibu na jiko vikauke. Siku aliyomaliza kilomita kumi na nane kwa mara ya kwanza, Tekla aliingia uani akakuta hakuna mtu, Justin yuko shamba. Akawatangazia kuku. Alijiona mkubwa, na alikuwa na haki ya kujiona hivyo.

Jumamosi ya mbio, mwezi wa saba, kulikuwa na ubaridi mzuri. Watu zaidi ya mia mbili walisimama nyuma ya mstari, William mbele kabisa na viatu vipya vya rangi ya chungwa, Tekla nyuma na Jenifer ubavuni kwake. Filimbi ilipolia wote walitoka kichwakichwa kana kwamba uwanja umeshika moto, na miguu ya Tekla nayo ikataka kwenda nao. Mtu akapaza sauti pembeni, "Shikamoo, Mwalimu!" Tekla akafungua mdomo. "Mara..." Pumzi zikaishia hapo. Akashtuka, akapunguza. Wazee wawili wakampita, kisha mwanamke mnene aliyejifunga kitenge, kisha kila mtu.

Akafika kwa Mama Febronia. Bibi alikuwa kitini, amevaa gauni la kanisani. Tekla alitoka barabarani, akapiga magoti barazani mbele ya majirani wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmeamkaje? Justin amekula?"

"Amekula, mama."

"Na wale mbuzi?"

Barabarani Jenifer alikuwa akirukaruka pale pale, mkono kwenye saa, hana raha. Mpaka mbuzi wote walipokwisha kuuliziwa habari zao, dakika moja na sekunde arobaini zilikuwa zimekwenda. Tekla aliporudi kwenye lami alikuwa wa mwisho katika mbio nzima. Nyuma yake palikuwa na pikapu tu, na dereva alimpungia mkono kwa huruma iliyomchefua.

"Usikimbilie kufidia," Jenifer alimwonya. "Saba. Saba ile ile."

Hapo ndipo miezi mitatu ilipoanza kumrudishia shukrani. Alikwenda saba yake akiitikia kushoto na kulia, na kilomita ya tano akamfikia yule mwanamke wa kitenge, amejishika kiuno. Kabla ya daraja aliwapita wale wazee wawili, akawaamkia ipasavyo. Juu ya daraja, mto ukiwa mpana chini yake na milima ya Udzungwa imekaa kwa mbali, aliwapita watu kumi na mmoja. Aliwahesabu na alifurahi kuwahesabu. Ng'ambo akazunguka bendera, akashika njia ya kurudi, na jua likaanza kuchoma.

Kilomita ya kumi na nne aliona viatu vya rangi ya chungwa. William alikuwa anatembea, fulana imelowa, mkono ubavuni. Aliposikia hatua aligeuka.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, na sauti haikutoka vizuri.

"Marahaba, William, hujambo, pole sana baba, kunywa maji kidogokidogo halafu uje taratibu," alijibu Tekla, yote kwa pumzi moja. Akapita. Hakugeuka nyuma, lakini tabasamu lilimkaa usoni kilomita nzima.

Halikukaa zaidi ya hapo. Kilomita ya kumi na nane mapaja yalikuwa magumu kama mihogo mibichi, na ya ishirini ilipoanza hakuwa na mwendo wa kuzungumza wala wa kunong'ona. Jenifer alikuwa anatazama saa yake kila baada ya hatua chache, na Tekla alijua maana yake. Pembeni walisimama wanafunzi wa darasa la tatu, wamejipanga kama wako mstarini shuleni.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Mara..." alisema Tekla, na neno likamkatikia kooni.

"HABA!" watoto wakamalizia wote kwa pamoja, jinsi alivyowazoesha kumalizia maneno ubaoni. Mbele kidogo mama mmoja akamsalimia, na watu wakamalizia tena. Ikawa hivyo njia nzima: yeye anaanza, mji unamaliza.

"Saa tatu kasoro nane," alisema Jenifer. "Imebaki kilomita moja. Saba tu, Mwalimu. Ukisimama popote imekwisha."

Na mbele yao ilikuwa baraza ya Mama Febronia.

Tekla aliiona. Miaka ishirini na saba hajawahi kumpita mama mkwe bila goti. Tena alijua kwamba magoti yale yakishagusa saruji hayatanyanyuka. Pikapu haikuwa mbali. Alitafuta sababu kichwani, hakuipata, na miguu yenyewe ikaanza kupunguza na kukata kona kuelekea barazani, kwa sababu hivyo ndivyo alivyolelewa na hivyo ndivyo alivyowalea wengine.

Lakini kiti kilikuwa kitupu. Mama Febronia alikuwa amesimama barabarani, kwenye lami yenyewe, fimbo ameinyoosha juu kama askari wa usalama barabarani.

"Thubutu upige goti!" alipiga kelele kwa sauti ambayo majirani hawakujua kama bado anayo. "Pita! Pita, mwanangu! Tutasalimiana huko huko!"

Tekla alipita. Alipita akilia waziwazi, bila kujifuta, na kwa kilomita ile moja hakujua dakika zake wala hakuziuliza. Alivuka mstari saa tatu kasoro sekunde arobaini. Jenifer, aliyekuwa amesahau kuisimamisha saa yake, alimkumbatia wakaanguka wote wawili kwenye nyasi.

Mstari ulifungwa. Pikapu ikaingia na watu wake. Vijana wakaanza kushusha mabango, na Justin akasema gari la kuwapeleka nyumbani liko tayari, lakini Tekla alikataa kuondoka. Alikaa pale, medali shingoni, anatazama barabara. Ilipofika karibu saa nne wakamwona Mama Febronia anakuja, taratibu, na fimbo yake, kilomita nzima kwa miguu. Asingeweza kufika mapema zaidi, maana njia nzima alikuwa anasalimiwa, na aliwaitikia wote.

Tekla alijaribu kupiga goti. Halikukunjika. Akajaribu lingine.

"Acha hayo, marahaba," alisema Mama Febronia. Aliishika ile medali, akaigeuza upande huu na upande ule, akaiweka vizuri katikati ya kifua cha mkwe wake, nje kabisa ya fulana. Kisha akamshika mkono. Justin akawafungulia mlango wa gari.

"Gari la nini?" bibi aliuliza. "Tunapita sokoni kwa miguu. Nataka wakuone."