Picha ya Pweza

Mzamiaji yule alikuwa na sharti moja, na wanafunzi wake walilijua kabla hata ya kujua kuvaa mapezi: siku ya kufundisha, kamera inabaki nyumbani. Chini ya maji mtu hawezi kutazama kioo na kumtazama mwanafunzi kwa wakati mmoja. Siku hiyo aliibeba. Naibeba tu, alijiambia, kama mlevi anayeingia baa kusalimia.

Mwanafunzi mwenyewe alikuwa binti wa kaka yake, na kaka alikuwa amekubali kwa shingo upande.

"Nimekukabidhi roho yangu, dada," alimwambia asubuhi ufukweni. "Usije ukaniliza."

"Wewe nawe kwa woga! Mtoto wako si mtoto wangu?"

Huko chini, ndani ya bomba kuukuu lililotupwa, pweza jike alikuwa amelalia mayai. Shangazi alikuwa amemvizia muda mrefu, na leo mayai yalining'inia kama punje za mchele, vijicho vya watoto vikionekana ndani. Basi tena, sharti likamtoka kichwani. Alimwashiria binti aelee ng'ambo ya bomba aone kazi inavyofanywa, akapiga magoti mchangani, akabandika jicho kwenye kamera. Taa ikawaka. Akapiga tena, na tena. Kila baada ya muda alitakiwa kumwuliza binti kwa vidole amebakiwa na hewa kiasi gani. Hakumwuliza.

Alipoinua macho, binti hakuwepo.

Mate yalimkauka mdomoni, na bahari nzima imemzunguka. Akatazama kushoto, kulia, nyuma ya bomba. Mchanga mtupu. Kanuni alikuwa akiifundisha mwenyewe: mkipoteana, tafuta kidogo, kisha panda. Lakini akipanda na mtoto yuko chini je? Na akibaki chini na mtoto yuko juu, amezimia? Akapanda. Na kupanda kwenyewe hakutaki haraka, ukikimbia unapasua mapafu. Alipanda polepole huku moyo ukimwenda mbio, akimwomba Mungu amrudishie mtoto, kamera achukue.

Juu, binti alikuwa amekumbatia boya, midomo imembadilika rangi, anatetemeka.

"Tulipoteana, Shangazi. Nikapanda kama ulivyonifundisha."

Shangazi alimkumbatia, akalia bila haya. Alimmwagia sifa njia nzima mpaka nchi kavu.

Walikuwa kwenye chumba cha vifaa wakisuuza mavazi ya kuzamia kaka alipoingia. Alimkagua mwanawe toka utosini hadi unyayoni, akashusha pumzi, kisha akaichukua kamera mezani. Shangazi aliinama kuusogeza mtungi wa hewa wa binti. Mshale wa geji ulikuwa umelala kwenye sifuri. Akamtazama binti, na binti akakwepesha macho.

"Lo, huyu pweza!" kaka alisema. "Na huyu nyuma si mwanangu? Tazama, anajikuna shingo! Hapa tena anajikuna. Na hapa anajikuna huku kakunyooshea mkono."

Shangazi alisogea. Nyuma ya pweza, kwa ukungu, kiganja cha binti kilikuwa kimekaa kooni kama kisu. Ishara hiyo alikuwa amemfundisha yeye mwenyewe, somo la kwanza kabisa. Ilikuwepo katika picha zote tatu.

"Nilidhani unaniona," binti alinong'ona. "Kamera ilikuwa inanielekea. Taa ilipowaka, nikajua umenijibu. Nikangoja." Akamshika shangazi mkono. "Usimwambie baba. Hatanirudisha tena majini."

"Mnanong'onezana nini nyie?" kaka aliuliza, bado anacheka. "Hii ya kujikuna nitaitundika sebuleni."

Shangazi aliitazama picha. Katika maisha yake yote hakuwahi kupiga nzuri kama ile.

"Hajikuni, kaka," alisema. "Ameishiwa hewa. Ananiomba mimi."