Kamati Ndogo ya Mvua

Mtu aliyekalia kiti cha mwenyekiti wa kamati ya ununuzi karibu maisha yake yote hastaafu; anahamisha ukumbi tu. Huyu wetu alirudi nyumbani siku yake ya mwisho ya kazi akiwa na boksi la vikorokoro vya mezani, akajitupa kwenye kochi refu la sebuleni linalotazama mlango, kisha akamwangalia mkewe juu ya miwani kana kwamba anasubiri akidi itimie. Mtaa mzima ulimwita Mwenyekiti. Hata mkewe alimwita hivyo, ingawa yeye alikuwa na namna yake ya kulitamka.

Tatizo ni kwamba sebule ile ilikuwa na mwenyewe. Mkewe alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa chini ya dirisha tangu mtoto wao wa kwanza anatambaa. Wanawake wa mtaa waliingia na vitambaa kwapani, wakapimwa, wakasengenya waliokuwa hawapo, wakacheka, wakaenda zao. Mwenyekiti alipokuwa ofisini, hayo yote yalipita bila baraka zake. Sasa mwanamke alifungua mlango, mkono uko tayari kwenye vifungo vya blauzi, akakutana na mzee anayemuuliza, "Hiki kitambaa ulilinganisha bei kwa wauzaji wangapi?"

Basi wakawa wanapimiwa jikoni, katikati ya ndoo na sufuria. Jirani mmoja mnene, mfugaji, waliyemwita Mama Kuku, alipimwa akiwa ameegemea jokofu, na gauni lake likatoka bega moja juu, bega moja chini. Alilivaa hivyo hivyo kwa sababu ya ujirani. Wengine hawakuwa na moyo huo. Wakapeleka vitambaa vyao kwingine.

Alasiri moja, mvua ikipiga bati, mkewe alitoa pini mdomoni akasema, "Mwenyekiti, tujenge pa kukaa huko nyuma, nje ya mlango wa jikoni. Pale pana matope tu. Ama jukwaa la mbao, ama sakafu ya mawe. Wewe chagua."

Mwenyekiti alielewa papo hapo, au alidhani ameelewa: anatafutiwa mahali pa kuwekwa, kama kabati bovu linalotolewa uani ili nyumba ipumue. Ofisini walimtoa kwa keki na makofi. Nyumbani walitaka kumtoa kwa mbao na mawe. Aliogopa, tuseme ukweli. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, babu wa watoto saba, aliogopa kutolewa nje ya sebule yake mwenyewe. Lakini mwenyekiti haogopi hadharani. Mwenyekiti huitisha kikao.

"Jambo hili," alisema akivua miwani, "linahitaji uchunguzi wa kina."

Mkewe alirudisha pini mdomoni.

Kikao cha kwanza kilikaa Jumamosi. Binti yao kitinda mimba, aliyekuwa likizo, aliteuliwa katibu bila kuulizwa. Seremala na mwashi waliitwa, wakaketi ncha mbili za kochi wakiangaliana kama wake wenza. Mke wa Mwenyekiti, ndani ya nyumba aliyoisafisha yeye asubuhi hiyo, aliambiwa kwamba yeye ni mjumbe mwalikwa: anaruhusiwa kuchangia, hapigi kura.

"Mzee, mawe kwenye mvua hii?" seremala alianza. "Maji yatatuama, ukungu utaota. Siku moja utatoka na kikombe chako, utarudi jikoni kwa mgongo."

"Na mbao je?" mwashi akadakia. "Mwaka wa kwanza zinapinda. Wa pili mchwa wanakaribishana. Wa tatu unakanyaga, mguu unazama mpaka gotini, tunaitwa sisi kuja kukuchomoa."

"Nyie mnajenga chini, kwenye maji. Mimi nainua juu ya nguzo, naacha nafasi kati ya ubao na ubao, maji yanapita yanakwenda zake."

"Na pini za mama zinapita wapi? Si hapo hapo? Mimi naweka mwinamo, maji yanakimbia."

"Yanakimbilia wapi? Kwa jirani, mkagombane!"

Mwenyekiti hakuwa amefurahi namna hiyo tangu astaafu. Kila mmoja alipokaribia kushinda, yeye alimtilia mwenzake mafuta kwa swali dogo. Je, mbao za aina gani? Je, mawe ya ukubwa gani? Je, mvua inakuja kutoka upande gani, na kuna ushahidi? Alikuwa bingwa wa kazi hii. Kule ofisini, ujenzi wa choo cha wafanyakazi ulijadiliwa mpaka wale waliokiomba kwanza wakastaafu, na kwenye hafla ya kuwaaga akawashukuru kwa uvumilivu wao.

"Mjumbe mwalikwa ana la kuongeza?" aliuliza mwishoni.

"Ninalo," mkewe alisema. "Saa hizi Mama Kuku yuko jikoni kavaa nusu gauni. Mtamaliza lini?"

Kikao kikaazimia kuunda kamati ndogo ya kuchunguza mwenendo wa mvua uani. Mwenyekiti wa kamati ndogo akawa Mwenyekiti. Wajumbe hawakupatikana. Kitinda mimba alisema ana masomo, seremala alikumbuka mlango wa mtu, mwashi akasema mvua anaijua, wala haina siri.

Kwa hiyo Mwenyekiti alivaa viatu vya mpira, akachukua mwavuli na fimbo, akatoka nyuma ya nyumba peke yake. Mvua ya pande zile haikuwa na msimu. Ilikuwa na mapumziko tu. Alisimama kwenye matope akichomeka fimbo kwenye madimbwi, akiangalia maji yanayotoka kwenye paa yakichimba mfereji, yakizunguka shina la mpapai na kupotelea chini ya ukuta wa jirani. Alisimama kwa makini, na kwa heshima. Kama mvua ingekuwa mzabuni, ingetetemeka.

Akageuka kutazama nyumba yake. Dirisha la jikoni lilitazamana na mlango wa sebule, na mlango ulikuwa wazi, akaona mpaka ndani. Sebule ilikuwa imejaa. Walikuwapo wanawake wanne, labda watano. Mmoja alisimama katikati mikono juu akizungushiwa futi, mwingine amelala kabisa kwenye kochi lake refu, miguu juu, anakula karanga. Mkewe alikuwa anacheka mpaka anajifuta macho. Alikuwa hajamwona akicheka hivyo kwa muda mrefu. Alidhani wanamcheka yeye, na hakukosea.

Alipoingia, amelowa mpaka kwenye soksi, sebule ilikuwa imefagiwa na kutulia kama chumba cha mtihani. Mkewe alimpokea mwavuli kwa upole wa kutia shaka.

"Umeona nini, Mwenyekiti?"

"Matokeo ya awali yanaonyesha maji ni mengi."

"Pole. Lakini uchunguzi wa siku moja hautoshi, au unasemaje? Kesho asubuhi rudi tena, mvua ya asubuhi ina tabia zake."

Akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Kazi za mkewe zikaenda kama maji mteremkoni: gauni la Mama Kuku likafumuliwa na kushonwa upya, mabega yakalingana, na wateja wawili waliohama wakarudi wakijifanya walikuwa safarini. Kamati ndogo nayo ikapata mafua. Si mafua ya kawaida bali yale ya wanaume, ambayo mgonjwa hulazimika kulala sebuleni, kwenye kochi, chini ya blanketi, akiguna kila mlango unapofunguliwa. Wanawake wakarudi jikoni.

Kitinda mimba ndiye aliyemletea maji ya moto yenye tangawizi, akaketi kwenye mkono wa kochi.

"Baba, kwani unaogopa nini?"

"Naogopa uamuzi wa pupa. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Baba, ni mbao au mawe tu. Hata ukikosea, hafi mtu."

Mwenyekiti alimwangalia mtoto yule, wa mwisho kubebwa begani mwake, na kidogo amwambie. Maneno yalifika kooni kabisa: mkichagua, mtanitoa. Akayameza pamoja na tangawizi.

"Katibu," alisema, "andika. Suala limeahirishwa mpaka mvua zitakapokatika."

Binti yake alicheka kwa sauti, kisha akaona baba hatanii.

Mkewe alipopewa taarifa hiyo, alikuwa anakata kitambaa juu ya meza ya chakula. Mkasi haukusimama. "Sawa, Mwenyekiti," alisema. Mwanamume aliyeishi na mkewe miaka yote hiyo alipaswa kuogopa ile sawa kuliko mvua, kuliko mchwa, kuliko kustaafu kwenyewe. Yeye aliona ameshinda. Alilala usingizi mzito kwenye kochi lake, blanketi mpaka kidevuni.

Nyundo ndizo zilizomwamsha, wiki iliyofuata. Alitoka mbio mpaka mlango wa jikoni, kandambili mguu mmoja. Seremala alikuwa juu ya nguzo anagonga ubao. Mwashi, adui yake wa juzi, alikuwa chini anapanga mawe kuanzia lango la uani mpaka kwenye ngazi, wanapeana misumari na mizaha. Bati jipya lilikuwa limeegemezwa ukutani, tayari kupanda juu ya yote.

"Simamisheni kazi! Nani ameidhinisha?"

"Mimi," mkewe alisema nyuma yake. "Mbao juu, kwa sababu cherehani haipendi unyevu wa chini. Mkeka juu ya mbao, kwa ajili ya pini. Mawe ni ya njia, wateja wasiniletee matope. Pesa ni za kushona, usipate tabu."

"Kikao kiliahirisha!"

"Kiliahirisha cha kwako. Mimi najenga changu."

Mwenyekiti alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Sikubali," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba kuliko alivyoipanga. "Sitakaa nje, mama watoto. Nakwambia mbele ya mafundi. Hamtanitoa sebuleni kwangu."

Mkewe alimtazama, na uso wake ukalegea kidogo, kama mtu aliyekuwa anatafuta ufunguo nyumba nzima na kumbe aliushika mkononi.

"Nani kasema utoke?" aliuliza. "Mimi ndiye ninayehama. Sebule yako, chukua. Chukua na kochi."

Akachukua. Mafundi walipomaliza, cherehani ilibebwa na watu wawili ikapita mbele yake, ikifuatiwa na meza ya kukatia, kikapu cha nyuzi, redio, na stuli ambayo wajukuu, waliokuja kushinda pale kila siku, waliigombania. Chini ya dirisha pakabaki alama nne za miguu ya cherehani sakafuni. Mwenyekiti alinyoosha miguu kwenye kochi, akajipongeza. Alikuwa ametetea nafasi yake bila hata kupiga kura.

Siku ya kwanza alikaa kama mfalme. Ya pili alisoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. Baada ya hapo akaanza kusikiliza. Wateja hawakupita tena sebuleni. Walifuata njia ya mawe, na sauti zao alizipata vipande vipande kupitia ukuta. Nani kaachwa? Nani kajenga? Walisema jina lake au alisikia vibaya? Chai ilipikwa ikapelekwa nje, chupa nzima, na kikombe chake kikaletwa ndani na mjukuu aliyekuwa na haraka ya kurudi. Wajukuu hawakuja kupigana miguuni pake tena. Alizoea kuwafukuza kila siku, na sasa hakuwa na wa kumfukuza. Kochi lilikuwa refu mno. Alikuwa amepigania chumba, na kumbe alichokuwa anakipenda ndani yake ni watu, wale wale aliokuwa anawauliza bei za vitambaa.

Alasiri moja mvua ilishuka kwa kishindo, na huko nyuma kikapasuka kicheko cha watu wengi. Mwenyekiti aliinuka. Alipitia jikoni taratibu, akajitia anatafuta glasi, akafika mlango wa nyuma. Pazia lilikuwa limevutwa. Akakohoa.

"Nani?" sauti ya mkewe.

"Mimi."

"Kuna mtu anapimwa. Subiri hapo."

Akasubiri mlangoni, mikono nyuma, akisikiliza maji yakipita chini ya mbao na kwenda zake kama seremala alivyosema. Pazia likafunguliwa. Walikuwapo Mama Kuku na wengine watatu, kitinda mimba na vitabu vyake, wajukuu kwenye mkeka na kopo la vifungo. Wote walimtazama, kisha wakamtazama mkewe. Uamuzi ulikuwa wake, na kila mtu pale alijua.

"Nimekuja..." Mwenyekiti alianza, akaonyesha kidole kuelekea sebuleni. "Huko ndani kumepoa."

Mkewe alisogeza kikapu kwa mguu, akampa suruali ya mtu na wembe mdogo. "Kaa hapo. Fumua huu upindo, usikate kitambaa."

Akakaa kwenye mkeka kati ya wajukuu, magoti yakilia. Wanawake walimpa dakika moja ya adabu, kisha wakarudi kwenye habari yao: mtu wa mtaa wa pili anataka kujenga baraza na hajui aweke mbao au mawe. Mmoja alisema mbao. Mwingine akasema mawe, mbao zitamliza. Mama Kuku alisema vyote viwili, kama hapa.

Mwenyekiti alikuwa na la kusema. Alikuwa na matokeo ya awali, na alifumbua mdomo ayatoe. Akamwona mkewe anamtazama juu ya cherehani, akakumbuka ukimya wa kule ndani, akaufumba, akaendelea kufumua. Upindo ulikuwa mrefu.