Pumzi ya Jukwaani

"Nirudishie hiyo barakoa," nilimwambia mpimaji. "Sitoki hapa mpaka unipime tena."

Mpimaji aliitazama saa, kisha akamtazama daktari. Daktari alikuwa ameshayakunja majibu yangu. Moyo na mapafu havina neno, alisema, ni wasiwasi tu na umri. Nikapumzike.

Miezi minane nilikuwa naimbiwa wimbo huo. Ngazi za nyumbani zilikuwa zinanimaliza. Nikifika ya saba nainama nikijifanya nafunga kamba za viatu, mimi ninayevaa ndara. Walipoleta kipimo kipya kisicho na sindano wala mpira wa kupitishwa shingoni hadi moyoni, nilijiandikisha wa kwanza. Unavaa barakoa, unapanda na kushuka kibao kifupi kwa dakika tatu, na mashine inasoma hewa unayoitoa. Kama damu inapita mapafuni kwa shida, pumzi yako mwenyewe itakuchongea.

Yangu haikunichongea. Tulikuwa tumeshafika mlangoni mdogo wangu, aliyenisindikiza, aliponishika mkono.

"Dada, wewe umeiimbia mashine."

"Nimeimba nini?"

"Umepumua ile pumzi yako ya jukwaani. Taratibu, kwa tumbo, mabega hata hayatikisiki. Nyumbani unapumua hivyo lini?"

Leo naweza kucheka, miaka sita na vidonge vingi baadaye. Siku ile niliona aibu mpaka masikioni. Nimefundisha kwaya miaka thelathini, na nikisimama mbele ya mtu anayenitazama, pumzi hujipanga yenyewe. Nilikuwa nimemringia mpimaji, na maringo hayo yalikuwa yananirudisha nyumbani kufa.

Ndipo nikageuka. Daktari akasema kuna foleni. Nikamwambia foleni naijua, nimeipanga miezi minane.

Mara ya pili niliacha kila nilichowahi kumfundisha mtu. Nilipumua kama ngazini: mbiombio, juujuu, mdomo wazi, mabega yakipanda masikioni. Nilitoa sauti ambayo hata mume wangu hajawahi kuisikia. Nililia pia, kwa hasira, machozi yakaingia ndani ya barakoa, na sikusimama. Dakika ya pili mstari wa pumzi yangu kwenye skrini, ambao mara ya kwanza haukutikisika, ukaanza kushuka. Mpimaji akasahau saa yake.

"Kaa, mama," alisema kwa upole. "Inatosha. Kaa chini."

Daktari aliukodolea macho ule mstari kwa muda mrefu. Akavuta kiti, akakaa karibu nami kwa mara ya kwanza tangu tujuane.

"Mama, mbona hukusema kwamba hali ni mbaya kiasi hiki?"

"Nilisema." Nilisubiri pumzi inifikie, na safari hii sikuificha. "Kila mwezi nilisema. Sasa andika."

Akaandika rufaa ya kwenda kwa daktari wa moyo, siku hiyohiyo. Nikamwambia anisomee alichoandika. Alinisomea yote, neno kwa neno, na mdogo wangu akiwa amesimama pale anasikia.